Kinyozi Mkono Moto na Kichwa Kimoja Alichokatazwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kinyozi anausukuma mlango wa duka lake kwa bega, maana kitasa kimemgomea tangu mwaka juzi na yeye kaamua wasigombane. Anafagia nywele za jana zilizojificha chini ya benchi, anafuta kioo, anasafisha mashine na vitana kwa spiriti. Kisha ananawa mikono hadi kwenye viwiko, anaunganisha viganja mbele ya kifua na kufumba macho.

Mteja wa kwanza, fundi viatu wa duka la pili, ameshakaa kitini kabla kinyozi hajayafumbua.

"Mkono Moto, leo usininyoe kwanza. Kichwa kinanigonga. Niwekee mikono."

"Lete wako kwanza, wangu utafuata," kinyozi anamjibu, huku akimfunga kipimo cha presha.

Presha ni nzuri. Kinyozi anaviweka viganja vyake juu ya utosi wa fundi viatu, taratibu. Hata wateja wawili waliokwishafika na kukaa kwenye benchi, ambao tangu waingie walikuwa wanabishana kuhusu mpira, wanashusha sauti. Dakika tano zinapita. Fundi viatu anashusha mabega, anapiga mwayo mrefu, halafu anasema sasa anaweza kunyolewa hata upara.

Kunyolewa kunalipiwa. Mikono hailipiwi. Kwa siku moja kinyozi huyu mwenye miaka arobaini na sita hunyoa vichwa kumi na vinne hadi kumi na vinane, na karibu nusu ya wenye vichwa hivyo huja pia kutafuta viganja vyake, ambavyo wateja wanaapa kwamba hupata moto kama pasi. Ndiyo asili ya jina lake.

Yeye ni muumini wa dini ya Kihindu, na ukimuuliza anafanya nini hasa, anaanza mbali. Lengo la maisha, anasema, ni moksha, yaani roho kufunguliwa ikatoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena.

"Njia za kufika ni nyingi," anasema akipuliza nywele kwenye mashine. "Kuna anayefika kwa kujua. Baba yangu alisoma mpaka miwani ikamwonea huruma. Kuna anayefika kwa kumpenda Mungu. Mama anaimba mbele ya taa kila asubuhi, na sauti hana. Kuna wa kutulia na kufumba macho, huyo ni mjomba. Yeye anasema anatafakari, mkewe anasema anakoroma. Na kuna sisi wa kufika kwa kazi. Mimi nikapewa mkasi."

Mikono alifundishwa na mama yake akiwa na miaka kumi na tisa. Mama huyo anaamini kwamba mwilini hupita prana, pumzi ya uhai, na kwamba ikikwama mahali, mtu aliyetulia anaweza kuisaidia ipite. Alimpa mwanawe somo hilo pamoja na onyo: kumtuliza mtu maumivu si kufika. Ni kazi ya njiani tu, na mwenye kuijua asipojiangalia, sifa zitamfunga palepale alipo.

Onyo lilimwingilia sikio hili likatokea lile. Miaka michache iliyopita alichoresha kibao chekundu juu ya mlango: MKONO MOTO, KICHWA, BEGA, USINGIZI. Watu wakafurika. Siku nyingine foleni ilipinda kona.

"Nilivimba kichwa," anakiri. "Mtu akiniambia 'ahsante', namwambia 'unanijua mimi lakini?'"

Katika foleni hiyo alikuwamo Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, mzee wa utani mwingi na presha ya miaka kumi. Kila wiki aliwekewa mikono, na kila wiki kichwa kikapoa. Alipoona kimepoa, mzee akaacha dawa zake za presha. Hakumwambia kinyozi, wala kinyozi hakuuliza. Asubuhi moja Mwalimu aliinuka kitini, akashika meza, akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala.

Kinyozi aliking'oa kibao siku ileile. Kwa miezi minane hakumwekea mtu mikono, alinyoa tu, na wateja wakabaki sita kwa siku. Alijiona muuaji ambaye hajamaliza kazi. Aliyemtoa humo ni mama yake, tena kwa maneno makali.

"Ulipofanikiwa ulisema ni wewe," mama huyo anakumbuka alivyomwambia, akicheka sasa. "Ulipokosea ukasema ni wewe. Wewe, wewe, wewe! Mungu naye abaki na kazi gani? Nikamwambia, nenda ukajifunze ulichokuwa hujui, kisha fanya kazi yako, matunda yake si yako."

Akaenda zahanati. Muuguzi akamfundisha kupima presha na kumpa sharti: namba ikipanda, aiandike kwenye karatasi amtume mgonjwa kwake, mikono isubiri.

"Hiyo nguvu anayoisema mimi sijaiona," anasema muuguzi huyo. "Karatasi zake nimeziona. Mwaka huu kaniletea watu kumi na moja ambao hawakujua wana presha."

Lakini kipo kichwa kimoja ambacho kinyozi hajakigusa kwa namna hiyo tangu siku ile. Kila Alhamisi saa tisa alasiri anafunga duka na kwenda kumnyoa Mwalimu nyumbani kwake. Mke wa Mwalimu alimruhusu kwa sharti moja: anyoe, aondoke. Mikono yake ya kuponya hataki kuiona. Kwa miaka miwili Mwalimu amekuwa akimwomba, na kwa miaka miwili mkewe amekataa. Kinyozi hajawahi kubisha.

"Ana haki," anasema njiani, begi la vifaa begani. "Ila naumia. Wote wananiita mponyaji, na yule niliyemkosea ndiye nisiyeweza hata kumfariji."

Mwalimu amekaa karibu na dirisha, taulo shingoni, tayari. Dawa zake zimepangwa mezani kwa siku na saa. Kinyozi anamnyoa kidevu polepole, akiuvuta ule upande uliolegea kwa kidole ili wembe usimkate. Akimaliza anampaka poda.

"Weka... mikono," Mwalimu anasema, kama kila Alhamisi.

 Mkewe amesimama mlangoni, mkono wa kushoto umeshika bega la kulia. Miaka miwili ya kumwinua mume kitandani imelimaliza bega hilo, na siku hizi hata kufunga kitambaa kichwani ni shida. Anavuta kigoda, anakaa, anampa kinyozi mgongo.

"Bega tu," anasema.

"Mama, bega hilo daktari ameliona?"

"Limeonwa, na dawa nakunywa, na mazoezi nafanya. Unanihoji kama nani? Weka."

Kinyozi anaipangusa mikono yake kwenye suruali, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha anaiweka. Yeye haoni aibu kusema baadaye kwamba mikono iliogopa.

"Mimi... naomba... miaka miwili," Mwalimu analalamika kutoka dirishani, nusu ya uso ikicheka. "Yeye... kaja leo... karuka foleni!"

Mkewe anacheka mpaka bega linaruka chini ya viganja. Kicheko kinageuka machozi, naye anayaacha yatiririke.

"Nilikuchukia," anamwambia kinyozi bila kugeuka. "Nilikuchukia mpaka nikachoka. Kila Alhamisi nikasema leo hatakuja, nipate la kusema. Na wewe ukaja."

Kinyozi haiondoi mikono. Muda mrefu unapita, hakuna anayehesabu. Mwishowe mke wa Mwalimu anainuka, anajaribu kuinua mkono, unapanda kiasi. Hasemi kama umepona. Anachukua taulo shingoni mwa mumewe na kulikunja.

"Wiki ijayo uje mapema," anasema. "Utaanza na yeye."

Nje, kinyozi analitundika tena begi lake begani. Anaulizwa kama anatumaini kuifikia moksha katika maisha haya.

"Maisha haya?" Anacheka. "Kwa kichwa changu kilivyo kigumu, labda nizaliwe tena mara tatu. Sasa hivi natamani Alhamisi ifike tu."

Na kesho, wateja wa kwenye benchi wakimuuliza habari za kwa Mwalimu?

"Nitawaambia nilikwenda kunyoa."