Wimbo wa Vidole Tisa

Kila Jumapili kabla ya shoo, mpiga solo wa bendi kongwe ya roki ya Kitale huzichemsha nyuzi za gitaa lake kwenye sufuria ili zirudishe mlio, huzipangusa kwa leso ya mkewe, kisha huzifunga upya sikio lake likiwa limelalia ubao wa gitaa. Hana maneno mengi. Mkono wake wa kushoto umezeeka kuliko uso, na kidole chake cha mwisho hakikunjiki tena. Levi, mwalimu aliyezijua kanda zote za zamani za bendi hiyo, alikuwa amewaapia wenzake kule Bungoma kwamba muziki wa mzee huyu umekwisha. Jumapili moja alikuja kwenye ukumbi wa mtaa wa Tuwan, hapo Kitale, kushuhudia mazishi ya muziki huo.

Wimbo mpya ulipoanza tu, watu waliacha kucheza. "Mzee, tupigie zile za zamani, bana!" akapaza sauti Phelista, muuza samaki. "Ati hii ni ya kubembeleza watoto?"

Mzee akacheka. "Zile nilitunga na vidole kumi, mama. Hii ni ya vidole tisa. Si usikize kwanza?"

Akaanza upya, polepole. Kila alipofika mahali pa kidole kile kigumu aliacha pengo, akakanyaga sakafu kwa kishindo. Mara ya tatu, ukumbi mzima ulikanyaga naye. Levi alizipekua kanda zake zote kichwani, akakosa wimbo wenye ujasiri kama huo.

"Rudia hiyo, mzee!" alipaza sauti Phelista, na mguu wa Levi ulikuwa tayari juu, ukisubiri pengo.