Siku Mkanda wa Video Uliponisema kwa Baba Mkwe

Ndugu zangu, sifichi. Nimeshaaibika mara nyingi maishani, lakini kuumbuliwa na sauti yangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya baba mkwe, hilo lilinipata mara moja tu na linanitosha mpaka kaburini.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, biashara imeachiwa huru, wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kumiminika Bariadi na magari ya mitumba ya Japani, na mimi nilikuwa dereva wa pikapu ya mmoja wao. Msimu ukiisha hatuna kazi, basi madereva tukawa tunakutana Jumamosi kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya maghala, tunapanga mapipa matupu kwenye kona, tunazunguka mmoja mmoja kuona nani mwepesi (matajiri wetu hawakujua, na naomba wasijue hata leo). Siku moja binamu yangu Kulwa, aliyekuwa akipiga picha za harusi Mwanza, akaja na kamera ya video, akaifunga kwa mipira ya baiskeli katikati ya viti, usawa wa bega langu, ikawa inaona mikono yangu, uso wangu kidogo kwenye kioo, na kiwanja chote mbele.

"Wewe endesha tu," akaniambia. "Yenyewe inaona na inasikia."

Hilo la kusikia sikulitilia maanani.

Nikazunguka mara tatu, na mzunguko wa mwisho, kona ya pili, pikapu ikainuka upande mmoja, ikaenda kwa magurudumu mawili, halafu ikajikalisha chini yenyewe. Nilishuka kifua mbele. Nilichokumbuka mimi ni ukimya mkubwa, kama niko kanisani.

Kulwa akaongea na mwenye banda la video tuuone mkanda Jumapili baada ya misa. Sasa mimi, badala ya kuutazama kwanza, nikapanda baiskeli mpaka kijijini Kasoli kumwalika baba mkwe, mzee Masanja, ambaye tangu nimwoe binti yake hakuacha kuuliza kushika usukani ni kazi gani ya mwanamume asiye na ng'ombe. Nikasema moyoni, acha aone.

Akaja na fimbo yake. Banda lilijaa, wengine wanachungulia madirishani. Hata jirani yake, mzee Maduhu, alikuja, akakaa upande wa pili kabisa, maana wazee hao ulikuwa mwaka wa pili hawasalimiani (ndama dume mweupe wa baba mkwe alikutwa amekufa kando ya barabara, naye akashikilia kwamba ni mbwa wa Maduhu waliomuua).

Mkanda ukaanza. Jamani! Kiwanja kilikuwa kinatujia kwa kasi, mapipa yanakua kama yanataka kutoka kwenye televisheni, watu wa benchi la mbele wakajivuta nyuma wote pamoja, na baba mkwe akanishika mkono.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Lo! Ng'wana wane!" Hakuwahi kuniita mwanawe kabla ya hapo.

Ndipo ikafika kona ya pili. Kwenye televisheni ikatoka sauti nyembamba kama ya mbuzi: "Mayu wee! Mungu niokoe! Nikitoka hapa namwambia baba mkwe! Ndama hakuuawa na mbwa wa Maduhu, nilimgonga mimi na pikapu! Ni mimi, Mungu, ni mimi!"

Mkono wa baba mkwe ukatoka kwenye mkono wangu.

"Rudisha nyuma," akasema.

Kulwa akanitazama.

"Nimesema rudisha."

Ukarudishwa. Safari hii nikaona kitu ambacho hata mimi niliyekuwa ndani sikukijua: mikono yangu yote miwili ilikuwa imefunika uso, na usukani unazunguka wenyewe, taratibu, kama umeshikwa na mtu tusiyemwona. Banda zima likashusha pumzi kwa pamoja. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Baba mkwe akainuka, akavuka banda lote, fimbo inagonga sakafu.

"Mwadila, Maduhu," akamsalimia.

"Mwadila, Masanja."

"Nimekukosea, ndugu yangu."

Maduhu akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Kaa. Bado sijaona mwisho wa mkanda."

Wakakaa bega kwa bega, wakautazama mara ya tatu, na mimi nimesimama ukutani jasho linanitiririka.

Nililipa dume kwa baba mkwe na mbuzi kwa mzee Maduhu, na mke wangu alikaa wiki nzima bila kwenda kisimani kwa aibu. Sikulalamika. Ule usukani nauota mpaka leo. Lakini nimeapa: kama kuna la kumwambia mtu, namfuata kwake nikamwambie, gari likiwa limesimama na injini imezimwa.