Siku Redio Iliponyamaza

Daktari wa koo alizima tochi yake, akamwambia mwongoza ndege afunge mdomo.

"Huna uvimbe, dada yangu. Hakuna kidonda wala nini. Koo limechoka tu. Kwani unafanya kazi gani, unanadi bidhaa sokoni?"

"Naongoza ndege," alijibu kwa sauti iliyokwaruza kama msasa.

"Kwa kupiga kelele?"

Alicheka mpaka akakohoa. Wiki nzima alikuwa akijipapasa shingo kila anapooga, ameshajizika na kujilia mwenyewe, na sasa alitoka mle chumbani akiwa mwepesi kama unyoya. Mumewe, seremala, alikuwa kwenye benchi nje. Aliuona uso wake ulivyochangamka. Alivuta pumzi, akamshika mkono, wakaenda zao.

Kazini walimwita Shwari. Alikuwa mmoja wa wale wanaokaa mbele ya skrini za rada kwenye chumba chenye mwanga hafifu, hedifoni kichwani, wakizipanga ndege zinazokuja kutua. Uwanja wao ulikuwa na milima upande mmoja, na njia zote za zamani zilipita juu ya mnara wa redio uliosimama kilimani. Kwa hiyo ndege kutoka kila pembe zilikutania hapo hapo, kama watu wanaogombea mlango mmoja. Kazi ya Shwari ilikuwa kuzitenganisha kwa mdomo. Geuka kulia. Shuka. Punguza mwendo. Wewe njoo, wewe subiri. Kila agizo rubani hulirudia, na akilikosea unaanza upya. Jina alilipata humo: anga lichafuke vipi, sauti yake haikupanda.

Lakini utulivu wote aliumalizia huko. Nyumbani alifika hana neno lililobaki. Watoto wakimuuliza jambo, anatikisa kichwa. Akitaka chumvi, ananyoosha kidole. Wifi yake, msusi aliyeishi nao na ambaye ulimi wake haukujua likizo, siku moja alimuuliza kaka yake mezani, "Hivi wewe ulioa mke au ulioa picha?" Wote wakaangua kicheko. Shwari naye akatabasamu, ila neno lile lilimchoma, kwa sababu binti yake mdogo alikuwa ameshaacha kumsimulia mambo ya shule. Alikuwa akimsimulia shangazi.

Ndipo akaja Mchoraji. Huyu alikuwa mhandisi aliyehamishiwa kwao kupanga anga upya. Kikaoni alieleza kwamba ndege nyingi za siku hizi hujua zilipo kwa msaada wa setilaiti, hazina haja ya kupita juu ya mnara wowote. Unazichorea njia hewani, nukta hadi nukta, kona hadi kona, na ndege inaifuata bila kutanga, kwa usahihi uliokwisha kupimwa. Inayotua iwe na njia yake, inayopaa iwe na yake.

"Na sisi?" Shwari akauliza. "Zikishajijulia njia, tutakuwa tunazipungia mkono dirishani?"

Watu wakacheka. Mchoraji hakucheka.

"Dada, mimi najua kuchora mstari. Kwenye kiti chako sijawahi kukaa hata siku moja. Njoo tuchore pamoja, nikikosea unikosoe."

Jibu hilo hakulitegemea. Alikwenda akiwa amejiandaa kukosoa, na nafasi hakuikosa.

Mpango wa kwanza waliujaribu kwenye rada ya kuigiza. Katika chumba cha pili wenzake walijifanya marubani. Mmoja alibeba ndege nne peke yake, kila moja na sauti yake, mojawapo akaipa sauti ya bibi kizee. Mwanzoni mambo yalikwenda kama maji mtoni. Kisha ndege mbili, kila moja juu ya mstari wake safi, zikafika pamoja pale mistari ilipoungana, karibu kabisa na uwanja. Hapakuwa na nafasi ya kuichelewesha hata moja. Shwari akaigeuza moja kuelekea milimani, akaigeuza tena, huku nyuma zikirundikana. Bibi kizee akalalamika kwamba mafuta yanamwishia. Safari hii hakuna aliyecheka. Jaribio likasimamishwa.

Mchoraji alibaki ameziinamia karatasi zake kama mtu aliyefiwa.

"Kila mstari nimeupima," alisema. "Kila mlima nimeuhesabia."

"Mistari yako haina ubaya," Shwari akamwambia, na alishangaa kujisikia anamwonea huruma. "Umezileta zote mlangoni kwa mkupuo, basi. Nipe ukumbi wa kuzingojeshea kabla ya mlango."

Akachukua kalamu. Mkono wake haukuwa wa mchoraji, lakini nukta aliiweka, na mbele ya nukta akazungusha tao pana. Ndege zipite juu ya tao. Popote ilipo kwenye tao, umbali wa ndege hadi ile nukta ni uleule. Zamu yake ikifika, unaiambia kitu kimoja tu: elekea kwenye nukta. Mchoraji alikiri kwamba mpango wa aina hiyo aliwahi kuuona kwingine. Aliuacha kwa sababu tao lingeenea upande wa tambarare peke yake, na anga la huko lilikuwa limetengewa shule ya urubani.

"Wale? Wale mkuu wao namjua. Mkali kweli, lakini ukimkuta ameshiba anasikia."

Walimkuta ameshiba. Aliizunguka ramani, akanung'unika, akaizunguka tena, mwishowe akakubali kusogea kaskazini, mradi asisikie mtu akisema kwamba shule yake imefukuzwa. Shwari aling'ang'ania jambo moja zaidi: ndege kuukuu, zisizo na vifaa vya kufuata njia mpya, ziachiwe nafasi, naye aendelee kuziongoza kwa mdomo kama zamani. Wakazijaribu tena njia, wakarekebisha, wakajaribu. Rubani wa ukaguzi akazipita zote kwa ndege isiyo na abiria, akarudi akisema hakuna kilima kilichomsogelea. Tarehe ya kuanza ikatangazwa.

Siku hiyo Shwari alikuwa zamu ya asubuhi. Mawingu yalikuwa yameilalia milima, na chai aliyoimimina aliisahau ikapoa. Ndege ya kwanza ikaingia kwenye tao, zikafuata nyingine. Akaiambia ya kwanza ielekee kwenye nukta. Rubani akarudia agizo. Baadaye akaiita ya pili. Kisha kimya.

Kimya kikaendelea. Katika miaka yake yote pale hakuwahi kukisikia kwenye masafa yale wakati wa shughuli. Akaigusa hedifoni. Akaitazama taa ya redio. Akawaza: redio imekufa, na watu wote wale wako juu.

"Ndege zote," akaita, "mnanisikia?"

"Tunakusikia vizuri sana," rubani mmoja akajibu. "Hatuna la kusema tu."

Mwenzake wa meza ya pili alijifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mchoraji, aliyekuwa amesimama nyuma yao tangu alfajiri kama baba kwenye mlango wa wodi ya wazazi, alitafuta kiti akakaa. Shwari akashusha pumzi hadi mwisho. Kwenye skrini zilikuwa zikiteremka moja nyuma ya nyingine, hakuna iliyorudishwa, hakuna iliyozungushwa. Mnara wa uwanja ukampigia simu: ya kwanza imetua salama. Hapo ndipo alipojua kwamba ngumi aliyoikunja chini ya meza ilikuwa imemwachia alama za kucha kiganjani.

Jioni alimkuta wifi yake akimsuka binti yake kibarazani. Binti alikuwa akimlalamikia shangazi kuhusu mwalimu fulani.

"Mwalimu gani huyo?" Shwari akauliza, akavua viatu, akakaa sakafuni.

Binti akamtazama kwanza, kana kwamba anahakikisha. Kisha akaanza upya kutoka mwanzo. Shwari akauliza hili, akauliza lile, akasimulia na yeye alivyowahi kufukuzwa darasani kwa kucheka, mpaka wifi akasimamisha kitana hewani.

"Wifi, na sisi wengine tuachie nafasi, jamani!"

Seremala aliyasikia hayo kutoka jikoni, akaongeza maji kwenye sufuria ya chai.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Siku za dhoruba Shwari bado huongea mpaka midomo ikauke. Na mwezi uliofuata Mchoraji alimfuata chumba cha mapumziko na ramani kwapani, uso umemshuka.

"Dada, watu wanaoishi nyuma ya karakana ya ndege wanasema ndege zinazopaa zinakata kona juu yao na kuwaamsha watoto."

"Ni kweli zinawaamsha?"

"Nilikwenda kusikiliza. Ni kweli."

"Basi vuta kiti," Shwari akasema, akiisogeza sahani yake pembeni. "Tuone kona hiyo inaweza kuhamia wapi."