Mguu Uliosamehewa

Mpangaji wetu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa asili ya pwani, mpole wa kauli, ambaye hata alipodai haki yake alidai kama anayeomba maji ya kunywa. Siku aliponiletea kodi ya fremu yake ya duka ikiwa pungufu, nilidhani amekosea kuhesabu.

"Sijakosea, mama," alisema. "Nimekata kodi ya kodi."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa kwao. Lugha yetu imetupa neno moja kwa vitu viwili: anachonilipa mpangaji na kinachotozwa na serikali. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba sheria inamtaka mfanyabiashara azuie sehemu ya kumi ya pango na kuiwasilisha serikalini kwa niaba ya mwenye nyumba.

Katika familia za wanajeshi tulikuwa na imani moja: sisi na kodi hatujuani. Enzi za maduka ya jeshi tulinunua bati na saruji bila kodi, na hizo fremu zetu za Kasulu mjini ziliezekwa kwa bati hizo hizo. Maduka yalikuja kufungwa. Imani ikabaki na sisi kama harufu ya nguo za zamani.

"Mwambie huyo," mume wangu alinguruma kutoka ndani, kwa sauti ya gwaride, "kodi mimi nilishalipa kwa mguu!"

"Afande, mguu hautoi risiti," mpangaji akamjibu, kwa upole ule ule.

Hakuna aliyewahi kuutania mguu ule mbele ya mwenyewe. Mume wangu aliupoteza vitani, akastaafishwa, na tangu hapo tuliishi kwa pensheni ya majeraha. Mguu wa bandia ulikuwa umechakaa, ukimchubua kigutu hata sokoni asifike, na pensheni hiyo ndiyo tuliyoitegemea kupata mwingine. Nilingoja fimbo irushwe. Haikurushwa. Mpangaji alipoondoka, mume wangu aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama, kama wameifikia fremu, watashindwa nini kuifikia pensheni?"

Nimesoma hadi chuo, lakini la pensheni hatukufundishwa. Kijijini kwao mume wangu, Kitahana, mwenye shaka haachwi nayo peke yake, husindikizwa. Basi nikamsindikiza hadi ofisi ya kodi.

Tulipokewa na binti mmoja aliyetusalimu kwa Kiha, "Mwakeye, data," yaani habari za asubuhi, baba, kana kwamba anamwamkia baba yake mzazi, na mume wangu akalegea mabega. Tukamweleza yote. Binti akasikiliza, akauliza maswali machache, kisha akasema kwa Kiswahili cha ofisi:

"Mpangaji wenu yuko sahihi, fremu inatozwa. Ila pensheni ya majeraha ya vita, baba, hiyo imesamehewa."

Fedha za mguu mpya zilikuwa zimesalimika. Nikageuka nimpongeze mume wangu, nikamkuta amesimama, ameshika ukingo wa meza.

"Imesamehewa? Nilikosa nini?"

"Baba, ndivyo sheria inavyo..."

"Husamehewa mkosaji! Mimi niliumia nikiwa kazini. Nani alinishtaki, hata leo mnisamehe?"

Msamaha wa kodi: maneno hayo nilikuwa nimeyasoma, nimeyatamka, hata mtihani nimeyaandikia, na sikuwahi kusikia yanachosema. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba ukuta niliouegemea miaka yote ni mtu.

Binti aliondoa vidole kwenye kompyuta. Alijaribu Kiha, neno likamkwama. Akarudi kwenye Kiswahili, safari hii si cha ofisi.

"Haiguswi, baba. Ile si ya kuguswa na mtu."

"Rudia."

"Haiguswi."

Mume wangu akaketi. Akajipangusa uso kwa kofia yake, akasema, "Haya, sasa nieleze hiyo ya fremu."

Jioni hiyo tulipita dukani. Mpangaji alikuwa akikunja vitenge. "Vipi, afande? Mguu umetoa risiti?"

"Mguu hauguswi," mume wangu alimjibu, amejinyoosha kama yuko lindoni. "Hiyo kodi yako ya kodi, endelea kuikata. Ila uthibitisho wake uniletee mimi mwenyewe, na usinitanie."

"Hapo kwenye utani, afande, siahidi."

Nilishtuka kumsikia mume wangu akicheka.

Majuma machache baadaye tulikwenda hospitali kupimwa mguu mpya. Kijana wa mapokezi alitazama kitambulisho cha mume wangu, akatabasamu kwa heshima, akasema, "Mzee, ada ya kumwona daktari wewe umesamehewa."

Nikamshika mume wangu mkono kabla hajasimama.