Waliozima Mashine kwa Ajili ya Baba

Juzi nilimwona binti yangu akichora roboti, nikakumbuka machimbo ya mawe ya Kitengela. Siku hiyo, nikiwa mtoto, nilikuwa nimempelekea baba chakula kazini. Wenzake walikuwa weupe kwa vumbi, vitambaa usoni, hawasemi neno, nami niliamini kabisa kwamba ni maroboti.

Mashine ya kukata mawe aliyoiendesha baba ilikuwa imekufa, ikinuka dizeli iliyoungua. Mgeni aliyejiita fundi aliyetumwa na kampuni ya Nairobi alimwambia mwenye machimbo kwamba baba ameiharibu makusudi. Baba aliinamisha kichwa, nikadhani amekubali kosa.

Ndipo ngurumo za mashine zote zikakatika. Wale weupe wakaja, wakasimama kando ya baba.

"Mzee, huyu fundi tulimkuta peke yake hapa asubuhi," mmoja alimwambia mwenye machimbo, akishusha kitambaa. "Wapigie simu waliomtuma."

Mwenye machimbo alipiga. Huko Nairobi hakuna aliyemjua. Begi la mgeni lilipofunguliwa, pampu ya mashine ilikuwa ndani.

"Nisamehe, Wafula," mwenye machimbo alisema, akimnyooshea baba mkono.

"Anza na hawa," baba akajibu. "Wameacha kazi kwa sababu yangu."

Mwenye machimbo akawapa mkono mmoja mmoja, mpaka mkono wa koti lake ukawa mweupe. Mimi nilikuwa nimesimama wima kando ya baba, kama wale niliowadhani maroboti.