Vidole vya Elwood

Elwood Prystupa alikuwa na magoti mabovu, mdomo mkali na kanuni moja: beki hapandi timu kubwa mpaka ajue kuangalia nyuma. Miaka kumi na tisa hapa jimboni Manitoba aliwafundisha vijana wa hoki ya barafuni katika timu ya chini. Mimi nilikuwa mnoa vyuma vya viatu vyao vya kutelezea, na kufoka kwake nilikusikia kila asubuhi.

Zoezi lake lilikuwa hili. Anatupa kisahani, kile kipande cha mpira wanachogombea, kwenye kona, beki anakifuata, naye Elwood nyuma yake ananyoosha vidole. Kabla hujakigusa, geuza shingo utaje idadi. Usipogeuka, siku ya mechi jitu litakubamiza ukutani. Kijana wake mmoja alipandishwa mbichi hivyohivyo, akabamizwa, na mpaka leo mwanga wa taa unamuumiza kichwa.

Januari mabeki wawili wa timu kubwa waliumia. Mkuu wao, Gardiner, akaja mwenyewe kumchukua Rylan, kinda wetu bora.

"Kesho apande ndege."

"Hajaiva. Jana kapata saba kati ya kumi."

"Vidole tena? Mzee, hii chekechea?"

"Mchukue Casey, yeye keshaiva. Au kacheze mwenyewe, shingo unayo."

"Usiposaini apandishwe, kazi huna."

"Basi sina."

Gardiner akaondoka na Casey. Ijumaa barua ya kumfukuza Elwood ikafika. Rylan alimfuata hadi kwenye gari, machozi yanamtoka.

"Umeniharibia maisha, Kocha!"

"Nichukie, bwana mdogo. Ila nichukie ukiwa mzima."

Nilikasirika. Jumatatu nikaingia barafuni na viatu vyangu vya kawaida, nikasimama konani, nikanyoosha vidole. Kocha mpya akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia anoe viatu yeye, mimi nina kazi. Rylan alinuna siku nne. Ya tano akaja mwenyewe.

"Haya, nyoosha."

Machi akapata kumi kwa kumi, akaitwa timu kubwa.

Mechi yake ya kwanza niliitazama kwenye runinga jikoni kwa Elwood. Kisahani kikaenda konani, Rylan akakifuata, wapinzani wawili mgongoni. Shingo ikageuka. Midomo yake tuliisoma sote wawili: "Wawili." Akachepuka na kisahani chake, wakajibamiza ukutani wenyewe.

Elwood akagonga meza, kahawa ikamwagika.

"Sasa kaiva!"