Neno Lililotufuata Ukurasa kwa Ukurasa

Nawaungamia aibu yangu ya hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mnicheke polepole.

Majina yote ya watu wa kilima chetu cha Burundi ninayo kichwani. Mjukuu wangu Espérance, anayepanga vitabu kwa kompyuta kule Mbarara, aliyaandika katika sehemu mbili: Marehemu, kisha Walio Hai. Akaniletea kurasa nizikague. Nami nikakifuta kwa kalamu kile kichwa cha Walio Hai. Kwetu walio hai hawatangazwi, kifo kisije kikasikia.

Kitabu kikaja. Nikamtafuta humo jirani yangu Bukuru. Juu ya ukurasa wake: MAREHEMU. Nikafunua mwingine: MAREHEMU. Nikafika kwenye jina langu, na lile neno lilikuwa limeshatangulia, linaningoja. Nje, Bukuru akakohoa.

Nikatoka na kitabu. Nikamwonyesha. Kesho yake tukawasha mishumaa mchana, tukasali, na Bukuru akachinja mbuzi wake wa pekee ili atuage vizuri.

Tukiwa tunakula, Espérance akaingia.

"Bibi, kompyuta niliiamuru mara moja tu: beba kichwa cha sehemu juu ya kila ukurasa, mpaka ukute kichwa kingine. Haikukuta kingine."

"Nani alikifuta?" akauliza Bukuru.

Espérance akainua ukurasa niliokagua. Pale palipofutwa nilikuwa nimetia sahihi kwa herufi kubwa, kama nilivyofundishwa: YULIANA.

Bukuru akautazama mfupa mkononi mwake.

"Yuliana," akasema, "mbuzi wangu!"